Taa Isiyo Mwanga

Wakazi wa Skarvnes, hasa wenye vidonda! Kamati ya Mwanga ya Halmashauri yetu inayo furaha kutangaza kwamba mwanga umepewa maana rasmi. Mwanga ni jua. Vingine vyote ni vifaa.

Nawaandikia akina mama wenzangu mjue mapema. Binti yangu Tiril alijikata mguuni kwa ncha ya ski ya kutelezea thelujini, kidonda kikaingiwa na bakteria sugu, wale wanaocheka kila dawa. Daktari akampaka dawa mpya, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Zinalala tu kidondani mpaka zimulikwe, ndipo ziachie sumu ya kuua bakteria. Maelezo yake yalisema "zimulikwe kwa mwanga", basi Kamati ikafafanua. Ilikuwa Desemba, na huku kaskazini mwa Norwei jua likizama Novemba halionekani tena hadi Januari. Taa ya hospitali ya kumulikia vidonda ikafunikwa shuka, kwa heshima zote.

"Mguu wa mtoto unanuka, Mwenyekiti," nikamwambia Torgrim, mkuu wa Kamati. "Ukikatwa je?"

"Tulia, mama. Jua halijafutwa, limeahirishwa tu."

"Na kuoza nako tukuahirishe?"

"Hilo ni la kamati ndogo."

Kesho yake akaja mwenyewe wodini. Alichomwa na mwiba wa samaki, kidole kimevimba kama soseji, bakteria ni wale wale. Sista Aslaug akampaka dawa.

"Sista, funua taa hiyo niikague."

"Unakagua kwa kidole, bosi?"

"Ni ukaguzi wa kina."

Sikungoja. Nikasukuma kitanda cha Tiril hadi chini ya taa.

"Na huyu?" Torgrim akauliza.

"Shahidi wa ukaguzi," nikasema. "Anashuhudia kwa mguu."

Jamani, taa ile ilikaguliwa kila asubuhi, mpaka kidole kikanywea na kidonda cha mguu kikafunga. Torgrim akavaa koti aende ofisini. Sista akasimama mlangoni.

"Rudi kitandani, bosi. Kidonda chako hakijaona mwanga. Kisheria bado una bakteria sugu, hutoki mpaka jua lirudi."

"Nimepona, wewe! Tazama!"

"Umepona kwa nini? Kwa kifaa?"

Torgrim akamnyooshea Tiril kidole. "Mbona huyo msichana anaondoka?"

"Yeye si mgonjwa. Ni shahidi, na ushahidi umekwisha."

Tiril akatoka kwa miguu yake miwili. Mimi nikamrudishia Mwenyekiti mlango taratibu, asije akapigwa na baridi.