Wimbo wa Feleti na Kompyuta ya Kanisa

Jumatatu, 13 Oktoba

Kompyuta ya kanisa imetoa tangazo jekundu. Kuanzia kesho waliotengeneza mfumo wake hawaushughulikii tena. Hakuna marekebisho, hakuna kinga ya virusi, kila mtu na lake. Bonyeza hapa upate mfumo mpya. Nikabonyeza. Ikajibu kwamba mashine hii imezeeka mno, haifai. Miaka tisa tu! Mimi nina hamsini na minane na bado naimba besi.

Kepueli alikuwa dirishani, kama kawaida yake. Akasema tuagize mpya kutoka Auckland, binamu yake ataipakia kwenye kontena. Binamu yake! Kila kitu kizuri hapa kisiwani Vavaʻu lazima kipitie kwa binamu wa Kepueli. Nikamwambia ofisi ya kanisa ina karani wake, na karani ni mimi, Lisiate. Akacheka. "Haya, karani. Usije ukatuunguzia kanisa."

Sasa mipango yangu. Tarehe 26 kanisa letu linatimiza miaka mia. Kwaya haina kiongozi tangu kaka yangu Feleti atutoke wakati wa Pasaka. Mchungaji atamtangaza mpya siku hiyohiyo. Ni mimi au Kepueli. Kepueli ana sauti, na zile tarakimu tunazoandikia nyimbo anazisoma upesi kama bei za dukani. Mimi miaka yote nilisimama karibu na Feleti nikafuata alivyoimba. Hilo halijulikani na si lazima lijulikane. Nitaifufua kompyuta hii kwa mikono yangu, na Mchungaji ataona nani wa kutegemewa.

Jumanne, 14 Oktoba

Shemeji Hepisipa, mjane wa Feleti, amekuja ofisini. Keshokutwa anavua ule mkeka mkubwa wa msiba anaojifunga kiunoni. Amepungua sana. Bila mkeka nadhani upepo utamchukua.

Kumbe Feleti alitunga wimbo wa mwisho kwa ajili ya miaka mia. Aliuandika humu kwenye kompyuta, wiki zile alipokuwa hawezi tena kusimama mbele ya ubao na chaki. Haujawahi kuimbwa. Hepisipa hakutaka uguswe mpaka msiba uishe. Anaijua sauti ya kwanza tu, kwa sababu Feleti alikuwa akiivumisha huku akiandika. Sauti nyingine tatu zimo humu, hazipo penginepo popote. Akanishika mkono. "Shemeji, nakuomba. Wimbo usipotee."

Nikamwambia alale usingizi. Alipoondoka nikalia kidogo. Feleti angekuwa hai nisingeutaka uongozi wa kwaya hata siku moja. Au ningeutaka kimyakimya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata! Kuna bwana mmoja wa Brisbane mwenye ndevu, anaonyesha mtandaoni namna ya kuudanganya mfumo mpya usiulize umri wa mashine. Sharti lake ni diski ifutwe yote kwanza. Mimi si mjinga. Nimenakili kila kitu kwenye flashi na kuivaa shingoni kwa uzi. Nikamwonyesha Kepueli kwa makusudi. Akauliza kama nimejaribu kufungua kilichomo. Nikamjibu kwamba mtu hafungui zawadi kabla ya sikukuu. Akaguna na kwenda zake.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku ya aibu, lakini aibu ndogo.

Mfumo mpya ulianza kupakuliwa jana mchana. Mtandao wetu unatambaa. Kufikia usiku wa manane ulikuwa nusu, na Jumapili ikaingia. Jumapili hapa hakuna anayepiga nyundo wala kutupa wavu. Niuzime nianze upya? Nikajadiliana na dhamiri yangu. Dhamiri ikakubali haraka, kama kawaida yake. Kazi anafanya mtu, na mtu mwenyewe amekaa kanisani. Nikaifunika mashine kwa mkeka, mwanga usionekane.

Sikufikiria feni. Ofisi iko nyuma ya mimbari. Katikati ya sala ndefu, joto likiwa limejaa chini ya mkeka, ikaanza kunguruma. Mchungaji akapandisha sauti. Feni nayo ikapandisha. Halafu, baada tu ya amina, kengele ile ya furaha: kazi imekamilika!

Mchungaji aliuliza mlangoni ni nani anafanya kazi ofisini siku ya Bwana. Nikasema hakuna mtu. Ukweli mtupu. Kepueli akadakia, "Basi ni pepo huyo, Mchungaji, tumkemee." Watu wakacheka mpaka mikeka ikawalegea viunoni. Mchungaji hakucheka. Nyumbani kulikuwa na lu, nyama ya kondoo iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi, nikala vipande viwili tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Imekubali! Nimefuta diski, nimeweka mfumo mpya, mashine imewaka. Inachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa, lakini imewaka. Nilipiga kelele mpaka nguruwe wa Mchungaji wakakimbia.

Nikachomeka flashi. Faili la kwanza linaitwa Miaka Mia. Programu mpya ya majedwali ikalifungua yenyewe, nikakuta saa. Safu nne za saa! 3:05, halafu 5:06, halafu inarudi 3:04, halafu 7:05. Nikaelewa mara moja: ratiba ya mazoezi ya sikukuu. Lakini imevurugika vibaya. Nani anafanya mazoezi saa saba kisha saa tatu? Maskini Feleti, mwishoni akili ilikuwa imechoka. Lilinitoka chozi. Kwa heshima yake nikaamuru kila safu ijipange kuanzia saa ya mapema hadi ya mwisho. Ikajipanga kwa kufumba na kufumbua. Safi! Ikauliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikasema ndiyo. Mgeni akiuliza kwa adabu namna ile, utamkataliaje?

Wimbo wenyewe sijauona bado. Kesho nitautafuta.

Jumanne, 21 Oktoba

Hakuna wimbo. Nimefungua kila faili. Kuna bei za rangi ya paa, kuna orodha ya viti, kuna barua kwa Gavana. Nimetokwa jasho mpaka miguuni.

Nikaenda kwa Hepisipa kama mtu anayepita tu. Nikauliza, hivi wimbo unaitwaje? Akasema Miaka Mia.

Nilirudi mbio, mkeka wangu mkononi. Kumbe zile si saa! Ni tarakimu za nyimbo: tatu ndiyo noti ya chini, tisa ya juu, na nukta pacha za kutenganisha mapigo. Feleti aliandika 3:5, ile programu ikaona ni saa tatu na dakika tano, ikamwongezea sifuri yake. Mashine ya watu ambao hawajawahi kuimba! Nikacheka peke yangu kwa furaha. Dawa yake rahisi: ondoa sifuri. Nimeondoa zote, moja moja, mpaka jioni. Wimbo umepona. Karani ameuponya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sijui niandikeje.

Nilinakili wimbo wote ubaoni kwa chaki, sauti nne, mwandiko wangu bora. Kwaya ikajaa. Hepisipa alikaa benchi la mbele, mara ya kwanza tangu msiba, nywele amezibana vizuri. Mchungaji alikuwepo. Nikapanda kwenye kisanduku alichokuwa akisimamia Feleti, nikainua mkono.

Besi wakaanza. Tatu, tatu, tatu, tatu. Nikafikiri, Feleti alipenda kuanza kwa utulivu. Tatu, tatu, tatu. Bado. Ukurasa mzima wa jozi zinazoanza na tatu, kisha wakapanda za nne, wakakaa huko, kisha za tano. Sauti ya kwanza nayo inapanda vivyo hivyo, ngazi kwa ngazi. Walipofika tisa, wanawake walikuwa wanapiga mayowe yasiyo na mwisho. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Kwaya nzima ikafuata, wengine wamejiinamia magotini.

Kepueli hakucheka. Alikuja ubaoni akatazama kwa muda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lisiate, umezipanga?"

Nikasema nilizipanga.

Hakuna noti iliyopotea. Zote zipo, kila aliyoiandika kaka yangu, kuanzia ndogo hadi kubwa. Nimezihifadhi vizuri sana. Hepisipa alisimama akatoka. Hakunitazama. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 24 Oktoba

Diski ilifutwa. Na kwenye flashi nilihifadhi mpangilio wangu juu ya ule wa Feleti. Bwana wa Brisbane nimemwandikia, hajajibu.

Nikaenda kwa Hepisipa na viazi vikuu viwili na moyo mzito. Nikakaa chini mlangoni, sikuthubutu kuingia. Nikamwambia yote, mpaka kwamba sisomi tarakimu. Akasema hilo alilijua. Feleti alilijua pia, na alikuwa akiimba besi kwa nguvu kidogo ili nisikie. Kisha akaomba nivipeleke viazi jikoni.

Kaka yangu alikuwa ananisubiri miaka yote ile, na mimi nilidhani nimemficha. Nimejuta mpaka nimekosa pa kuweka mikono. Sikwenda kwenye kava, kile kikao cha wanaume cha kunywa maji ya mizizi. Nilisikia wanaume wakiimba mpaka nikalala, na besi ilikuwa nyembamba.

Jumapili, 26 Oktoba

Miaka mia. Kwaya za vijiji sita. Nguruwe siwezi kuwahesabu.

Zamu yetu ilipofika Hepisipa alisimama peke yake akaimba sauti ya kwanza, ile aliyoisikia Feleti akiivumisha. Sisi wengine tulisimama kimya, hatukuwa na cha kuimba. Ni wimbo mzuri kuliko yote aliyotunga. Kila mahali palipokuwa na nafasi yetu ulisikia nafasi hiyo. Kwenye ubeti wa pili nilifungua mdomo, nikaufunga. Watu wazima walilia waziwazi, na kwaya za ugenini zikasema tumefanya jambo jipya kabisa.

Kepueli ametangazwa kiongozi. Nilikuwa wa kwanza kumpa mkono. Akaniambia nisiache kwaya, besi ni wachache. Nikamwahidi Mungu na Kepueli kwamba sigusi tena mashine yoyote.

Jumanne, 28 Oktoba

Asubuhi Hepisipa amekuja mwenyewe, anatabasamu! Alikuwa akikunja nguo za kwaya za Feleti, akakuta simu yake ya zamani mfukoni. Akaichaji. Imo sauti ya Feleti anaimba wimbo ule. Si sauti ya kwanza. Besi! Alirekodi besi yote, kisha teno, kisha alto, pumzi ikimkatika. Kepueli amesema akizisikia ataziandika zote ubaoni kwa siku moja tu. Wataichukua simu Ijumaa, kwenye kava. Mpaka hapo Hepisipa ameniachia mimi, kwa sababu besi inaanza na jina langu. "Shemeji, kaa nayo usikilize. Usifanye kitu kingine. Sikiliza tu."

Nikasikiliza mwanzo. "Lisiate, njoo karibu, hii ni yako." Nikaisimamisha haraka, nikafuta macho.

Ndipo nikaona tangazo juu ya skrini. Simu ina miaka minane. Mfumo wake haushughulikiwi tena. Inaweza kufa saa yoyote, na kaka yangu yumo ndani! Nimeupoteza wimbo wake mara moja kwa uzembe, sitaupoteza mara ya pili. Niliahidi kutogusa mashine, lakini simu si mashine hasa, na hii si kwa ajili ya cheo, ni kwa upendo mtupu. Nimetafuta. Kuna njia ya kuilazimisha ikubali mfumo mpya. Inataka kusafishwa kidogo kwanza.

Besi yote nitaisikiliza kwa utulivu ikishakuwa salama. Nimebonyeza. Skrini imekuwa nyeusi, na maelekezo yanasema nyeusi ni kawaida. Hepisipa sijamwambia. Ijumaa atakabidhiwa simu kama mpya.