Magamba ya Samaki wa Mti

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Likizo. Jua kali. Vumbi hadi kwenye meno. Mwalimu alituambia kuwa msichana anayeandika kila siku hupata mpangilio wa mawazo. Yangu yamepangika tayari, kwa sababu ni moja tu: Kibuye.

Dada yangu Mukantwari ameolewa huko na mwezi wa sita amejifungua mtoto wa kiume. Wanasema ana masikio ya Baba. Watu wa boti wamemwona, wauza chumvi wamemwona. Mimi, mama yake mdogo, sijamwona!

Mjomba Faradji, kaka yake Mama, anafanya kazi kwenye boti ya mizigo. Jumapili inakwenda Kibuye, na nahodha amemruhusu kuchukua jamaa mmoja. Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili. Mimi, na Nyirasafari, binti ya mama mkubwa, anayekaa nyumba ya pili. Nyirasafari hana dada Kibuye. Anataka tu watu wamwone akiondoka.

Jioni tulimwendea Mjomba sote wawili. Tulimkuta akichonga samaki wa mti. Siku moja alimwona mgeni wa hoteli akirusha ziwani kisamaki cha mti chenye ndoana, na tangu hapo hana raha. Amechonga wengi. Samaki wa Ziwa Kivu hawajamheshimu hata mmoja wao. Anasema kosa ni magamba: samaki si mjinga, hawezi kumfuata mwenzake anayetembea uchi.

Nikauliza, je, mimi nikimvika mmoja magamba? Mjomba akacheka, kisha akafikiri. Akasema Jumamosi atamweka samaki wangu kwenye sinia katikati ya ngege wa kweli, na yeye atasimama mlangoni. Akishindwa kumtambua, nafasi ya Kibuye ni yangu.

Nyirasafari alimtazama Mjomba. Alitabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Jumanne, 7 Agosti

Njia yenyewe ni rahisi. Mjomba aliipata kwa mpishi wa hoteli, na mpishi kwa yule mgeni. Unampaka samaki rangi ya fedha. Akikauka, unamvika wavu wenye matundu madogo, unaukaza, unampulizia rangi ya kijani. Ukiuvua wavu, magamba yamebaki!

Samaki ninaye. Rangi ninayo, Mjomba amenipa iliyobaki ya boti. Kipulizio nimekipata pia: ni pampu ya Mama ya dawa ya mbu. Nimeiazima. Mama hajui bado kwamba ameniazima.

Kulikosekana wavu tu. Na mji huu uko ukingoni mwa ziwa! Nikajiona nimeshafika Kibuye. Nikashuka pwani kwa Straton, mvuvi, nikamwomba kipande cha wavu mkuukuu. Aliniuliza cha kazi gani. Nilipomweleza, aliwaita wenzake wawili waje wasikie na wao.

Akanipa kipande kikubwa, bure. Nikapuliza kwa uangalifu mkubwa. Nikavua.

Tundu moja la wavu wa Straton ni kubwa kuliko kiganja changu. Samaki wangu amepata gamba moja na nusu.

Nikirudi nilipishana na Nyirasafari. Amebeba sahani iliyofunikwa, anaelekea kwa Mjomba. Harufu ya sambusa. Kumbe ndiyo vita yake!

Jumatano, 8 Agosti

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilimpaka samaki fedha upya. Mama mmoja wa Nyakiriba, anayeuza vitunguu sokoni, alinipa gunia lililochakaa, nyuzi zake zimeachana vizuri. Nikapuliza. Matokeo: mistari ya kwenda na mistari ya kukatiza. Straton alipita, akamtazama, akasema shati kama hilo amewahi kuliona kwa karani mmoja. Sikumjibu. Nina malezi.

Mchana nikafikiri. Nyumba hii ina chandarua kimoja, nacho kiko kwenye kitanda cha Baba na Mama. Nikaona kuwa pembe ya chini, upande wa ukutani, haina kazi kubwa. Mbu hawaijui. Nikaingia chini ya kitanda na mkasi wa Baba, kwa sababu Baba ni fundi cherehani na mikasi yake ni mikali.

Papo hapo Nyirasafari akaja kumwamkia Mama. Hajawahi kumwamkia Mama saa nane! Akauliza kwa sauti ya kufika barabarani:

“Mama mudogo, Mukandutiye iko natafuta nini chini ya kitanda yako?”

Mkasi ukachukuliwa. Nikaambiwa mengi. Chandarua kilibaki kizima, na mimi nilidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Magharibi Mama alichukua pampu yake, akakishusha chandarua, akasimama nje yake, akapuliza chumba dhidi ya mbu kama kila siku. Rangi ilikuwa bado imo.

Nilisikia “Ayii!” nikakimbilia ndani. Mama ameshika pampu mbali na mwili kama anayeshika nyoka. Shuka jeupe la kitandani, lile la wageni, limejaa magamba. Madogo, ya kijani, yamepangana safu kwa safu. Mazuri ajabu! Hata Mama alipokuwa akinigombeza nilishindwa kuyaondolea macho. Matundu ya chandarua ndiyo yalikuwa ya kiasi hasa.

Nilimwambia hivyo. Haikusaidia.

Alhamisi, 9 Agosti

Adhabu. Nimefua shuka tangu asubuhi. Halitoki. Baba amelitazama, akasema tumlalie ngege huyo hivyo hivyo, kisha akaona uso wa Mama, akarudi kwenye cherehani. Baada ya shuka, kushona vifungo: kanzu nzima ya mteja, na mashati. Chandarua nimekatazwa hata kukitazama.

Mchana Nyirasafari akaingia uani kwetu na bakuli na kofia ya Mjomba. Ameomba aifue yeye mwenyewe, aitie wanga, iwe tayari kwa sala ya Ijumaa. Akalifudikiza bakuli juu ya ukuta, akaivalisha kofia, ikauke ikiwa na umbo lake. Eti uani kwao hakuna jua. Jua liko kila mahali! Alitaka niione tu.

Basi nikaiona.

Ni kofia nyeupe ya kudarizi, ile yenye vitundu vingi, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Safu juu ya safu. Vitundu vidogo, vya duara, vimekaribiana. Mbele kuna ua moja la majani sita. Niliitazama muda mrefu. Kisha nikamtazama samaki.

Naandika ukweli: sikuikata. Kofia haikupungua hata uzi. Niliiazima tu. Nilimpaka samaki fedha upya, nikamwingiza ndani, nikaikaza kofia juu yake kwa pini za Baba. Ikamkaa kama ngozi. Nikatikisa pampu, ambayo nimepewa niioshe, nikapuliza, pu, pu, pu. Nikavua.

Ewe Mola! Alikuwa karibu kupumua! Magamba ya duara kutoka shingoni hadi mkiani, kijani juu ya fedha, na akigeuzwa kwenye jua yanametameta. Nilimbusu. Nina kijani kidogo mdomoni bado.

Kofia nayo ilikuwa imepata kijani. Nikaisugua kwa mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa hutoa rangi. Yaliitoa mahali ilipokuwa, yakaipeleka mahali pengine. Na fedha ya samaki, ambayo nadhani ilikuwa haijakauka vema, ilikuwa imeshika kwa ndani, nayo ikajitokeza. Nikairudisha kwenye bakuli, upande uliobaki mweupe ukielekea njiani.

Nyirasafari alikuja jua likizama. Kwa kawaida hanitazami, wala hatazami kilicho karibu nami. Aliichukua kofia na pua ikiwa juu, akaizungushia gazeti, akaenda zake.

Ijumaa, 10 Agosti

Baba ametoka msikitini akiwa amekaza midomo. Alivumilia hadi mlangoni, kisha akakaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka Mama akamletea maji.

Mjomba alifika amechelewa kutoka bandarini. Alilifungua gazeti mlangoni, akaivaa kofia huku akivua viatu, akaingia kwenye safu. Safu ya nyuma yake haikusali vizuri. Kila Mjomba aliposujudu, wanaume walijiona wanatazamana na samaki. Na harufu ya taa! Mzee mmoja alimfuata baadaye, akamwambia kwa upole kwamba yeye hana ubaya na mavazi ya mtu, ila leo ameomba msamaha mara mbili, kwa sababu katikati ya sala alikuwa akiwaza mchuzi.

Mjomba alikwenda moja kwa moja kwa Nyirasafari. Nyirasafari ameapa kuwa aliitia wanga na wanga tu. Analia tangu saa nane. Anasikika hadi huku.

Nilimhurumia sana. Nilisimama kabisa niende nikaseme. Kisha nikakumbuka masikio ya yule mtoto. Boti inaondoka Jumapili. Nikaona ukweli hauharibiki haraka, na kwamba kuusema Jumatatu kungekuwa bado ni kuusema.

Jumamosi, 11 Agosti

Leo! Mama alinunua ngege kwa Xavérine, muuza samaki. Niliwapanga kwenye sinia, wangu katikati, nimemlowesha maji ili ang’ae kama wenzake. Walikuwepo Baba, Mama, Straton aliyekuja kucheka, na Nyirasafari mwenye macho mekundu.

Mjomba akasimama mlangoni, mikono nyuma. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafunga jicho moja. Hatimaye akanyoosha kidole, akasema yule wa pembeni, mwenye jicho la kijinga.

Straton akamwinua yule wa pembeni. Damu ikamdondoka. Ngege wa kweli kabisa!

Nilipiga kelele. Baba alipiga makofi. Straton alivua kofia yake ya majani mbele ya samaki wangu, na hakuwa akinidhihaki. Mjomba akaja mbio, akamshika, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye magamba, akanisifu. Alisema hata Wazungu wa hoteli hawana kama huyu. Akamgeuza upande wa pili.

Kidole kikasimama.

Ubavuni, chini kidogo ya pezi, palikuwa na ua. La majani sita. Sijui kwa nini sikuliona. Nadhani nilikuwa nalitazama kwa mapenzi.

Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa kofia, akailaza kwenye sinia kando ya samaki. Ua kando ya ua.

“Mukandutiye.”

“Labeka, Mjomba.”

“Hii samaki iko navaa kofia yangu.”

Baba alikuwa akitazama paa. Nyirasafari alisema, bila kulia tena, kwamba basi nafasi ni yake. Mjomba akasema si haraka, neno lake ni neno, na samaki amemshinda. Lakini mwizi hawezi kupanda boti yake kama mgeni wa heshima.

Ndipo Mama akaichukua kofia, akaigeuzageuza. Akauliza kama Mjomba anakumbuka nani aliyeidarizi. Mjomba akakumbuka. Ni Mukantwari, alimpa siku aliyompeleka kwa mumewe, na hakuna mwingine anayelijua ua lile. Mama akasema vizuri. Aliyeiharibu aibebe mikononi, akamwonyeshe dada yake uso kwa uso, akae pale ashone tundu kwa tundu mpaka kofia mpya iishe. Hata kama shule itafunguliwa bila yeye.

Mjomba akafikiri.

“Bon,” akasema. “Donc basi, atakuja. Lakini iko azabu, unasikia? Hapana matembezi.”

Niliinamisha kichwa kama mtu aliyeadhibiwa. Ilinichukua nguvu zangu zote.

Nyirasafari aliuliza yeye amekosa nini hata abaki. Nilimpa sambusa moja iliyobaki kati ya alizomletea Mjomba leo. Ilikuwa yake mwenyewe, lakini nia ndiyo muhimu.

Jumatatu, 13 Agosti, Kibuye

Nipo!

Nilitapika njia nzima, na bado ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Mtoto ana masikio ya Baba. Yote mawili! Alinishika kidole changu, akanitazama kana kwamba tumeonana zamani, nami nikalia kidogo, kwa upande, Mjomba asione. Ni azabu.

Dada alipoiona kofia alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Kisha akanionyesha jinsi ya kuzungushia uzi kitundu kimoja, na akanionyesha vilivyobaki, na hapo mimi sikucheka. Tangu jana nimemaliza nusu safu.

Jambo la samaki. Njiani Mjomba alimfunga kwenye kamba, akamwacha afuate boti. Samaki wa ziwani hawakumgusa. Ila karibu na visiwa tai mmoja alishuka, akamkamata kwa kucha, akakata kamba, akaenda naye kwenye miti. Tai! Ndege asiyefanya kazi nyingine ila kutazama samaki! Mjomba alivuta kamba tupu. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama ninaweza kutengeneza wengine wawili.

Naweza. Nimeona kuwa kosa langu wiki iliyopita halikuwa mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa lile ua.

Mama mkwe wa dada ana vitambaa vya kufuma kwa sindano, vimelazwa kwenye viti vyote vya sebuleni. Vyeupe. Matundu madogo, yamekaribiana, na hakuna ua hata moja, nimekagua. Ni mama mkali. Ameniambia mara mbili, na ya pili kwa kidole, nisiviguse vitambaa vyake.

Kesho asubuhi anakwenda shambani. Nitaazima kimoja tu, cha kiti kile kinachokaliwa na paka.