Agizo la Kusogea Mara Moja

Kamati ya Taifa ya Kuepusha Jiwe, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, inapenda kuutangazia umma kwamba bado iko kazini. Ofisi imehamia juu ya paa la Wizara. Anayetuhitaji apande ngazi ya chuma nyuma ya matangi ya maji, na aje na mwavuli wake.

Jiwe lenyewe liligunduliwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtaalamu wa nyota katika idara yangu. Alinichorea kwenye karatasi ya mkate: duara ndiyo njia ya dunia kulizunguka jua, na juu yake njia ya jiwe, ndefu kama yai. Njia hizo zilikatana.

"Kwa hiyo litatugonga?"

"Halitugongi, shemeji. Likifika hapa kwenye makutano, sisi tutakuwa tumeshapita. Litazunguka huko nyuma ya jua, kisha mpaka miaka tisa ndiyo lirudi."

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na chai yake. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, na katika utumishi wangu wote nilikuwa sijapata nishani hata ya bati. Jiwe lisilogonga mtu ndilo jiwe la kupigana nalo. Nikaunda Kamati.

Tulikaa vikao hadi viti vikalegea, tukapitisha Agizo la Kusogea Mara Moja. Nililisoma mwenyewe juu ya paa, kwa kipaza sauti, mbele ya waandishi wa habari, huku nikipunga kibendera chekundu tulichoazima kwa mafundi wa barabara. Shemeji alisimama nyuma yangu akiangalia viatu vyake.

Siku ilipofika, jiwe likapita mbali kabisa. Nikatamka redioni, "Limetii." Nikavishwa nishani. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshanunua viti viwili vya barazani, vya sisi kukalia uzeeni, na nakiri nilivitamani kuliko hiyo nishani.

Waziri akaniita. Nilidhani ananiaga.

"Mzee, kazi yako imemfurahisha sana Mkubwa. Sasa anataka jiwe lipite juu ya uwanja siku ya gwaride."

"Mheshimiwa, lilishaondoka."

"Si wewe uliyelifukuza? Liite."

"Liko mbali, Mheshimiwa. Halitasikia."

"Lilisikia kuondoka, lishindwe kusikia kurudi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena ukweli wenyewe mfupi. Nikaigusa nishani kifuani. Nikasema, "Tutalifanyia kazi, Mheshimiwa."

Gwaride likapita, jiwe halikuonekana. Waziri hakunigombeza hata kidogo. Aliagiza tu kustaafu kwangu kusimame mpaka jiwe lirudi.

Nikamkimbilia shemeji. "Hakuna namna ya kuliharakisha?"

"Ipo, shemeji. Panda juu ukaliamrishe."

Ndiyo maana kila asubuhi nalisomea anga Agizo la Kurudi Mara Moja. Wauza magazeti huniita kutoka chini, "Mwenyekiti, limefika wapi?" Nawajibu, "Liko njiani," na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nasema kweli tupu.

Shemeji, kwa huruma zake, ameniazima darubini. Nikiielekeza juu sioni kitu. Nikiielekeza chini, kule mwisho wa mtaa wetu, naliona baraza langu. Mke wangu amekaa kwenye kiti kimoja anachambua mboga. Kwenye kile changu amelala paka wa jirani, kajinyoosha utadhani kakirithi. Roho inaniuma, sitaficha.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikamgeuzia yule paka kipaza sauti, nikamsomea Agizo la Kusogea Mara Moja, vifungu vyote, huku nikipunga kibendera. Mtaa mzima ulitoka nje kusikiliza.

Paka hajasogea.