Chumba Juu ya Pasi

Jumapili, 18 Januari 1998
Nimewashinda wote! Hapa Kangle kila mtu analala na koti, mimi nalala na gauni. Chumba changu kiko juu ya karakana ya makoti ya kuteleza kwenye theluji. Tena juu kabisa ya meza za pasi za mvuke. Joto la bure msimu mzima! Albina wangu, mwaka mmoja na miezi miwili, anatambaa sakafuni bila soksi. Jirani yangu Flavia, wa Mwanza, kanunua blanketi zito. Kauliza langu liko wapi. Nikamwambia wengine tuna akili. Akajibu akili haimfuniki mtoto.

Wivu tu.

Jumanne, 20 Januari
Wiki ijayo ni mwaka mpya wao wa Kichina. Vizuri sana! Nawajua mafundi. Kwetu Moshi, Krismasi ikikaribia, fundi halali. Pasi zitawaka mchana na usiku. Nimefungua dirisha kidogo, tusije tukaiva.

Barua ya mume wangu Shedrack imefika. Anasema makoti ya wapagazi wa mlimani anayasubiri, lakini kwanza nimrudishie mtoto mzima. Kana kwamba mimi ni yaya!

Alhamisi, 22 Januari
Mafundi wanashuka ngazi na mabegi makubwa. Bila shaka mzigo unaenda bandarini Huangpu. Nikawapungia. Mmoja kampa Albina chenza. Watu wema.

Jumamosi, 24 Januari
Sakafu ya baridi! Nimelaza shavu chini kuhakikisha. Nimekimbia chini, mlango umefungwa, karatasi nyekundu juu yake. Mlinzi kanionyesha vidole kumi, halafu vitano. Siku kumi na tano! Mafundi wote wameenda kwao. Nani anafunga cherehani sikukuu ikifika?

Nimetafuta blanketi. Duka la kwanza limefungwa. La pili, vilevile. Mwenye duka la tatu alikuwa anateremsha mlango wake wa chuma, akasema “mei you”, hakuna, kabla sijafungua mdomo.

Jumapili, 25 Januari
Albina anakohoa. Nimemvika koti la sampuli, la Mzungu mzima. Kapotea ndani, na zipu ikagoma. Nusu saa kumtoa, yeye analia, mimi nalia. Midomo yake imekuwa ya bluu? Hapana, ni taa. Nimeangalia mara nne. Nimwombe Flavia? Bora nigande!

Mimi nigande, sawa. Mtoto, hapana.

Nimebisha hodi. Flavia kamchukua mtoto bila salamu, kamsugua kifua, kamfunika. Mimi nimesimama mlangoni kama mshitakiwa. Akasema, “Ingia basi, Mama Albina mwenye akili, unatuletea baridi. Na hiyo miguu yako ikinigusa, unalala nje.”

Jumapili, 8 Februari
Wiki mbili tumelala watatu. Kifua cha Albina kimepona, Mungu ambariki Flavia. Ila anakoroma, na kila asubuhi anauliza akili imeamkaje. Leo karakana imefunguliwa, lakini sirudi ng’o. Nimejifunza: pasi si za kutegemea.

Nimepata chumba juu ya jiko la kuchoma bata. Moto tangu alfajiri! Nimelipa mpaka siku ya ndege ya kurudi nyumbani. Nilimkuta mwenye jiko, mzee mkarimu, akipakia matanuri yake yote kwenye lori pamoja na kitanda chake. Nadhani anayapeleka kuoshwa. Wanajali usafi hawa watu.