Jinsi Sithong Kinyozi Alivyoupanda Ukingo wa Mchanga

Enyi mliokaa na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri mvuke utoke kwenye kapu la wali, nyamazisheni mbwa wenu mpate kusikia! Nawasimulia habari za Sithong, Sithong mwenye mkasi, mnyoaji wa vichwa vya Luang Prabang, aliyeupanda ukingo wa mchanga kwa pikipiki ya kukodi. Kama yupo aliyewahi kutenda makubwa kuliko hayo upande huu wa Mto Mekong, basi aliyatenda sisi tukiwa tumelala.

Shujaa huyu alioa, na kwa desturi yetu akahamia kwa wakwe. Alikula kwenye mkeka wa mama mkwe wake, Mama Bualai, akalala chini ya paa lake, akapata watoto, nao watoto wakaanza shule. Na katika miaka yote hiyo mama yule hakumwita mwanangu hata mara moja. Alimwita "wewe kinyozi." Sithong alicheka wengine walipocheka, lakini jina hilo lilimuuma.

Ikawa siku moja Mama Bualai akasema anatamani kutembelea vijiji vya ng'ambo alikokulia, akamwone na mdogo wake Kongchan. Ndipo shujaa aliposimama katikati ya chakula, akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia:

"Mama mheshimiwa! Nitakodi chombo chenye magurudumu mawili na ngurumo moja! Nitakuvusha mto, nitakupitisha vijiji vyote vya ukingoni, wala unyayo wako hautagusa vumbi mpaka mlangoni pa mdogo wako!"

"Wewe kinyozi," akajibu Mama Bualai akifinyanga tonge, "breki unazijua lakini?"

Kulipopambazuka chombo kililetwa, chekundu, chenye kioo kimoja kilichoonyesha mawingu tu. Mama Bualai akapanda akakaa upande, kwa kuwa sketi yake ndefu ya kufumwa haikufumwa ili mtu mzima atanue miguu. Mkono mmoja ulishika mwavuli, mwingine kapu la wali, na kiuno cha mkwe hakikushikwa, maana mama mwenye adabu zake hashiki kiuno cha mkwe hata dunia ipinduke.

Wakavuka kwa kivuko. Wakapita kwa wafinyanzi, wakapita majani ya mtoni ya kuliwa yaliyoanikwa juani, na Mama Bualai akawa anaonyesha kwa mwavuli: hapa nilianguka, pale nilipigwa, kwa hawa tuliiba ndizi. Kisha njia ikazibwa na nyati wa kufugwa, mpana kuliko mlango wa hekalu. Sithong akasimamisha chombo, akamhutubia:

"Ewe mwenye pembe! Toa njia, maana nimempakia mama wa nyumba yangu!"

Nyati akatafuna.

"Si uzunguke tu," akasema Mama Bualai. "Mwenzio anakula."

Akazunguka, na kwa lugha ya majemadari huko ndiko kumzingira adui.

Hatimaye wakafika chini ya kijiji chetu, anakokaa Kongchan, mahali mto unapopungua wakati wa kiangazi na sisi tukapanda karanga ukingoni. Mimi nilikuwapo na ndoo yangu nikimwagilia, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mbele yao ulisimama mchanga, mwekundu, ulioinuka, laini, uliokwisha kuwaangusha wanaume wazima na magunia yao.

"Mama!" akanguruma shujaa. "Saa imefika! Jishike!"

"Nijishike wapi?" akauliza Mama Bualai.

Swali lilikuwa la haki, ila injini ilikwisha kulimeza. Pikipiki ikaruka mbele. Mama Bualai akateleza akashuka taratibu kama kikapu kinachotuliwa, akatua kwa miguu yake miwili, mwavuli ungali wazi, wali haujamwagika. Akaitazama pikipiki ikienda. Akavua ndala zake, akaja kwa kijia cha bustani kati ya karanga zangu.

"Huyu atajua saa ngapi?" akaniuliza.

"Akifika juu, Mama."

"Basi mwache afike."

Nikaacha ndoo nikamfuata. Kule kwenye mchanga, Sithong alikuwa akipigana! Gurudumu likazama, likazuka, likaenda kushoto alipotaka kulia, kuku wakatawanyika, lakini mguu wake haukugusa chini, naapa haukugusa. Akatokea juu, akazima injini mbele ya ngazi ya nyumba ya Kongchan, akainua mikono, na bila kugeuka akawatangazia watu waliokusanyika:

"Mama! Nilichoahidi nimetimiza! Tazama, nimekufikisha!"

Watu wakatazama kiti, na kiti kilikuwa kitupu. Sithong akageuka. Sijapata kuona uso ukishuka vile, nami nilimwonea huruma kwa kweli. Wakati huohuo Mama Bualai akatokea kwenye kijia, nami nyuma yake.

"Dada!" akalia Kongchan kutoka ngazini. "Umefikaje? Mbona viatu mkononi?"

Mama Bualai akamtazama mkwewe, mchanga mpaka kwenye kope, midomo ikimtetemeka kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nimefikaje tena? Mwanangu amenipandisha."

"Kwenye mchanga ule?"

"Mchanga wote. Mguu hajaweka chini. Muulize huyu, alikuwepo anamwagilia."

Nikafungua mdomo. Mama Bualai akafungua kapu, akanitia tonge kubwa la wali. "Kula, binti, umefanya kazi." Nani hulitema tonge la mtu mzima? Nikatafuna, na kichwa kikakubali.

Basi na ijulikane kwa vizazi: Sithong kinyozi alimpandisha mama yake ukingo wa mchanga, wala unyayo wake haukugusa vumbi. Mchanga tuliomwosha miguuni kabla hajapanda ngazi ulitoka kwingine, msiniulize wapi. Na walipoondoka alasiri, niliona mwavuli na kapu vyote vimebanwa katika mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika shati la mwanawe.