Kiyoyozi cha Mwalimu na Chumba cha Uani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimepata daftari. Mwalimu alikuwa analitupa. Kurasa za mbele zimejaa alama za wanafunzi wake wa zamani, wengi wamefeli. Nitaandika nyuma yao, nitakuwa kati ya watu wangu.

Joto la leo halina adabu. Nimepiga plasta ukuta wa nyuma tangu asubuhi, jasho limefika hadi kwenye soksi. Nina miezi mitatu nafanya kazi katika nyumba hii. Mwenye nyumba ni mjane, mwalimu mstaafu, miguu yake huvimba joto likizidi. Mimi nalala stoo, kati ya mifuko ya saruji na toroli.

Habari kubwa: mke wangu anakuja Jumamosi! Miaka miwili hatujaonana. Watoto wanabaki kwa bibi yao, yeye atakaa wiki tatu. Tatizo ni dogo tu. Nilishamwambia kwenye simu kwamba nakaa chumba chenye dirisha, kitanda na hewa ya baridi. Nilisema ili asinihurumie. Nani alijua atapanda basi?

Saa nane mchana mpango ukajileta wenyewe. Kiyoyozi cha chumbani kwa Mwalimu kimeanza kutoa hewa ya moto kama pumzi ya mbwa. Fundi wake, mzee ambaye mtaa mzima humwita Daktari wa Baridi, amejibu kwamba nafasi yake ni Alhamisi. Nikamwambia Mwalimu asihangaike kusubiri wazee, viyoyozi nimefanya navyo kazi ghorofa nzima. Na ni kweli. Nilivipandisha begani, kumi na vinne, hadi ghorofa ya sita. Kitu ukishakibeba ngazi zote zile, unakijua.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Akauliza ninataka nini. Nikasema chumba cha uani, kile kitupu, kwa wiki tatu. Akasugua miguu, akafikiri. Akasema haya, kiyoyozi kikipoa kabla ya Jumamosi, chumba changu. Kikiharibika, nitabanana stoo na mke wangu na saruji yangu, na mke nitamweleza mwenyewe.

Tumepeana mikono. Nimekichungulia chumba. Dirisha! Kitanda cha chuma! Hata msumari wa kutundikia shati upo.

Jumanne, tarehe 5

Ushindi!

Mwalimu alizima umeme kwa mkono wake kabla sijagusa kitu. Ananidharau, lakini sawa. Nikafungua mfuniko. Ndani kuna chujio, nalo limejaa unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani. Lilikuwa nene kama blanketi. Nikalitoa nje, nikalipiga maji kwa mpira ninaomwagilia zege, nikalirudisha. Skrubu moja ilibaki. Nimeitia mfukoni. Watengenezaji huwa wanaweka za ziada.

Tukawasha. Baridi! Baridi ya kweli, ya kusimamisha vinyweleo! Mwalimu akakaa kitandani, akafumba macho, akasema ahsante kama mara nne. Kisha akaniletea chai katika kikombe cha maua. Kikombe hicho ni cha Daktari wa Baridi peke yake. Miezi mitatu mimi nanywea kopo la plastiki. Nilikunywa polepole sana, kikombe kinizoee.

Mwalimu alitaka kumpigia Daktari asije. Simu haikushika. Nikasema mwache aje aone kazi za vijana.

Jioni nikakagua ukuta wangu. Nikachukia. Nyuma ya tangi kuna kibomba cheupe kimetokeza ukutani, kinadondosha maji juu ya plasta yangu mbichi. Tone, tone, tone, kimeshachimba mfereji. Bomba linavuja na huyo Daktari anaingia nyumba hii miaka yote hajaliona! Nikachanganya saruji kidogo, nikaliziba, nikasawazisha kwa mwiko mara tatu. Sasa huwezi kujua kama palikuwa na bomba. Ukuta kama kioo.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia abebe sweta.

Jumatano, tarehe 6

Mwalimu amepiga kelele alfajiri. Sauti ile iliwahi kunyamazisha shule nzima, na leo imeniamsha mimi, kuku na seremala.

Kiyoyozi kinamwaga maji ndani. Kimemwaga kitandani kwake, kwenye mto, kwenye miwani. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba huo ni umande, baridi ikizidi umande hushuka, ni dalili njema. Akasema amefundisha sayansi miaka thelathini na moja na hajawahi kuona umande unaojaza ndoo.

Nikahamisha lawama kwa paa. Akaniuliza ni mvua gani iliyonyesha. Tukatazama juu wote wawili. Hata wingu la kuazima halikuwepo.

Nikasema basi niachie mpaka jioni. Tukasogeza kitanda. Nikachukua mfuko mtupu wa saruji, wa nailoni, nikaufunga chini ya kiyoyozi kwa kamba ukinge maji. Ulifunika kidogo pale hewa inapotokea. Haidhuru, hewa itajua pa kupita. Halafu nikawaza kitaalamu. Maji yakiganda hayadondoki. Nikaongeza baridi hadi namba ya mwisho.

Saa tisa maji yakakoma! Nikaenda kujipongeza kwa kopo la maji. Niliporudi kiyoyozi kilikuwa kinakoroma kama mlevi. Nikachungulia ndani. Barafu! Barafu nyeupe, nene, imeganda kila mahali. Nakiri kwamba nilijivunia kidogo. Si kila mpiga plasta ametengeneza barafu.

Kisha hewa ikaacha kutoka kabisa. Mwalimu amehamia sebuleni, miguu ndani ya beseni. Hajanisemesha. Nimepewa chai kwenye kopo.

Zimebaki siku tatu. Mke wangu amepiga, ameshanunua tiketi. Ameuliza dirisha linatazama upande gani.

Alhamisi, tarehe 7

Mpango wa leo: Daktari wa Baridi asiingie. Akiingia, ataona. Akiona, atasema. Akisema, kwaheri dirisha.

Nikamngoja getini tangu saa mbili. Akaja na ngazi begani na mkoba wa spana, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia kwa heshima zote. Nikamwambia pole mzee wangu kwa safari, Mwalimu amesafiri, hajulikani atarudi lini, huenda mwezi ujao. Akaitikia taratibu. Akasema, "Amesafiri na sauti ameiacha?" Kwa sababu wakati huohuo Mwalimu alikuwa anamwita kutoka dirishani, kwa nguvu zote, aingie upesi anakufa na joto.

Akaingia. Sikuwahi kuona fundi mvivu namna ile. Hakufungua kitu. Alikaa. Akamuuliza Mwalimu tatizo lilianza siku gani, nani alikigusa, na kama kuna kitu chochote kimejengwa nyumba hii wiki hii. Maswali kama ya polisi! Mwalimu akajibu mawili ya kwanza na kidole chake kikanielekea mimi. Kisha Daktari akafungua mfuko wangu wa saruji, akaukunja vizuri, akanikabidhi. Akagusa mabomba kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akazima. Akaagiza chai.

Chai! Kikombe cha maua! Nikamwambia mbona asikwangue barafu tumalize. Nilikuwa tayari na kisu cha jikoni nyuma ya mgongo. Akasema, bila hata kugeuka, kisu nikirudishe jikoni, barafu huwa inangojwa, na kwamba kule ndani kuna bomba jembamba la gesi, nikilitoboa Mwalimu atanunua kiyoyozi kingine. Sijui kisu alikionaje.

Barafu ilipoyeyuka akatoka nje. Nikajua anaenda kwenye mashine ya nje kama mafundi wote. Hapana. Akapita moja kwa moja hadi nyuma ya tangi. Akasimama mbele ya ukuta wangu. Akaupapasa. Jasho langu likawa baridi kuliko kiyoyozi.

Akasema nyumba nyingine zote za mtaa huu maji ya kiyoyozi hutokea chini ya dirisha. Hii tu ndiyo hutokea nyuma ya tangi, maana marehemu mume wa Mwalimu hakutaka maji yadondokee maua ya mkewe, na bomba hilo walilipitisha wao wawili, yeye na marehemu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kiyoyozi kikifanya kazi lazima kitoe maji, lazima yapate njia. Akaniuliza kwa upole, "Sasa kijana, bomba letu limekwenda wapi?"

Nikaligeukia tangi linitetee. Halikunitetea.

Mwalimu alikuwa amefika na beseni lake. Daktari akamwambia kwa kweli plasta ya huyu bwana ni nzuri sana, hata maji yameshindwa kupita. Nilingoja kufukuzwa. Mwalimu akanitazama. Akautazama ukuta. Akaanza kucheka! Akacheka hadi akashika tangi, hadi beseni likamwagika. Kumbe ana pengo.

Nikachimba kibomba changu mwenyewe kwa nyundo na tindo, Daktari akinishikia tochi na kunisifu. Maji yaliyotoka yalitosha kuogea. Kisha akaniita chumbani peke yangu. Akanionyesha soketi ya umeme pale kitanda kilipokuwa. Maji yalikuwa yamebakiza vidole viwili kuifikia. Hapo sikucheka, na yeye hakucheka.

Akanyoosha mkono. Nikajua anataka nini. Nikampa skrubu.

Ijumaa, tarehe 8

Kiyoyozi kinapuliza kama asubuhi ya mlimani. Daktari amemwachia Mwalimu maagizo: kwa vumbi la seremala huyu, chujio lisafishwe kila mwezi, lisisubiri kuwa blanketi. Amesema alishaona mafundi wa mbali wanawauzia watu wa mtaa huu gesi mpya, wakati shida ni unga wa mbao tu. Kuhusu chujio amekiri nililisafisha vizuri. Nimemwomba arudie mbele ya Mwalimu. Amerudia.

Lakini chumba je? Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu, nikavua kofia, nikatoa hoja. Nikasema Mwalimu, makubaliano yetu yalikuwa kiyoyozi kipoe kabla ya Jumamosi. Leo ni Ijumaa. Kimepoa. Makubaliano hayakutaja ni nani akipoze.

Akasema katika miaka thelathini na moja hajapata mwanafunzi aliyekosa maswali yote na bado akadai cheti. Nikasema ahsante. Akasema haikuwa sifa.

Kisha akanitupia ufunguo.

Nimefagia chumba mara tatu. Nimefuta dirisha kwa gazeti. Nimetundika shati kwenye msumari, nikalishusha, nikalitundika tena. Mwalimu amenipa shuka lenye maua na amesema nisiguse swichi yoyote.

Jumamosi, tarehe 9

Amefika! Ameshuka kwenye basi amevaa sweta, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Akaniambia, "Baba watoto, uliniambia kuna baridi." Nikambeba yeye na begi. Konda akapiga makofi.

Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri. Hayakuhitajika. Robo saa baada ya kufika, Mwalimu alikuwa ameshamsimulia kila kitu: umande, barafu, kisu, safari ya mwezi mzima. Wote wawili walilia kwa kucheka, wameshikana mikono kama dada. Mke wangu akasema mume wake hajabadilika hata kidogo, na yeye alikuwa na wasiwasi kwamba mji umemharibu.

Chumba amekipenda. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Akakaa kitandani, akavua viatu, akasema hakumbuki mara ya mwisho alipokaa mahali ambapo hakuna mtoto anayemvuta nguo. Nimemchotea maji ya kunawa. Nimemtazama tu. Miaka miwili ni mingi jamani.

Jioni akasema neno moja likanichoma, ingawa alilisema akitabasamu. Amesema wiki tatu ni chache.

Jumapili, tarehe 10

Siku njema kuliko zote! Fikra imenijia nikiwa naoga.

Jirani wa nyumba ya mkabala, dereva wa lori, ana chumba kitupu chenye bomba lake na mlango wake. Hakina mtu mpaka mwisho wa mwaka. Si wiki tatu, ni miezi! Watoto wangeweza kuja likizo! Nimemkuta getini kwake amevimba kwa hasira. Hita yake ya maji ya kuogea haipashi tangu juzi, na mkewe amegoma kuoga maji baridi. Amempigia Daktari wa Baridi. Daktari yuko mtaa wa nyuma na viyoyozi vya zahanati, amesema hita ataiangalia Jumatano asubuhi, kabla ya hapo mtu yeyote asiiguse.

Nikamuuliza dereva kama amewahi kusikia habari za kiyoyozi cha Mwalimu. Akasema amesikia kimepona kabisa. Nikasema basi. Nikamtajia chumba. Akasema hita ikipasha maji kabla ya Jumatano, tutazungumza. Tumepeana mikono.

Mke wangu ameniuliza kama najua chochote kuhusu hita. Nimemwambia asiwe na hofu. Baridi ndiyo ngumu, baridi inahitaji mzee mwenye miwani ya uzi na miaka kumi na tisa. Joto ni kitu kingine. Joto si la kusomea. Hata jua halikusoma, na linapasha dunia nzima.