Kuvu ya Sitati

Sitati wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, aliposikia redioni kwamba watafiti wanatafuta dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kutoka kwa kuvu, alitabasamu kama paka aliyeona sufuria imeachwa wazi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na gogo bovu lililoota kuvu nyeupe kama pamba. Aliikwangua, akailoweka kwa maji ya mfereji, akajaza chupa sita. Ujanja ni nusu ya riziki. Nusu ya pili ni shati lililopigwa pasi.

Akavaa shati hilo, akaenda Kiamunyi kwa Ritu, mjane mwenye nyumba za kupangisha na kidimbwi cha samaki kilichojaa mbu. Wapangaji walikuwa wameanza kuhama.

"Mathe, hii ni kuvu tupu. Mbu anakufa akiwa mtoto, samaki hata hajui."

"Nani mwingine ako nayo?"

"Nakuru yote ni mimi tu." Maskini, alikuwa amesema ukweli bila kukusudia.

Macho ya Ritu yakawaka tamaa. "Basi nataka zote. Na hilo gogo. Na uandike hutauzia mtu mwingine, milele."

Sitati akajifanya kusita, hata akajipangusa chozi. Mwishowe "akakubali" kubadilishana na pikipiki ya marehemu iliyokuwa ikila vumbi stoo. Trizah, karani wa Ritu, akaandika mkataba, wakatia sahihi. Gogo likaletwa kwa mkokoteni, naye Sitati akatimua mbio hadi Naivasha. Siku ya nne Ritu alipoanza kumpigia simu mfululizo, akavunja laini ya simu.

Miezi mitatu baadaye, sokoni Naivasha, mtu akamdaka shati. Trizah!

"Si mimi," Sitati akasema.

"Boss, ulipotelea wapi? Viluwiluwi vilikufa vyote, samaki wazima! Watafiti wamekuja kuona gogo. Mathe alikupigia wiki mbili, alitaka muwe washirika."

Sitati akaacha kujinasua. "Na sasa?"

"Sasa kuna mkataba. Ulisaini milele."

Nyuma ya Trizah kulikuwa na meza iliyosheheni chupa za kuvu ile na foleni ya watu. Sitati akajikuna shingo. Chumba alichopanga kilipakana na mtaro, na mbu walikuwa wamemmaliza.

"Trizah, si unipunguzie?"

"Bei ni moja, boss. Foleni inaanzia kule."

Akaenda kule.